Ameahidi kushusha bei ya stima kwa nusu: tumhoji vipi kabla ya mchujo?

*"Mhandisi, habari yako. Nina biashara ya maziwa ya mashine hapa Umoja, ile watu huita ATM ya maziwa. Tokeni ya shilingi 1,000 haimalizi siku nne, na stima ikipotea usiku kucha asubuhi namwaga maziwa. Sasa kanisani tumeunda jopo la watu saba la kuwahoji wawaniaji watatu wanaotaka tiketi ya ubunge ya chama kimoja. Wa kwanza anasema akiingia atapasua mikataba ya kampuni za umeme na bei itashuka kwa nusu ndani ya siku 100. Wa pili anataka mtambo wa makaa ya mawe na wa nyuklia, stima ijae mpaka tuwauzie majirani. Wa tatu anasema hawezi kuahidi bei, na watu wanamcheka. Kuna wenzangu kwenye jopo wanaosema tunajisumbua bure kwa sababu EACC, wale wa kupambana na ufisadi, na IEBC, wale wa uchaguzi, watawachuja wabaya, na kwamba tiketi itaenda kwa mwenye pesa hata tukihoji mpaka usiku. Mimi si msomi wa mambo haya. Mbunge anaweza kweli kushusha bei ya stima? Na tuwaulize nini?"*

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara tatu. Nikikuelewa vizuri, unaogopa kudanganywa kuhusu jambo linalokugusa mfukoni kila siku, na unaogopa kwamba hata mkiujua ukweli hamtakuwa na nguvu ya kuufanyia chochote. Nitajibu yote mawili, na nitajibu kwa urefu, kwa sababu watu saba wanaokaa chini kumhoji mtu kabla ya kumpa tiketi wanafanya kazi ambayo katika nchi hii hufanywa na wachache sana.

Kwanza ujue ninaposimama, ndiyo unipime. Mimi ni mhafidhina. Naamini serikali itoze kidogo, ikope kidogo, iheshimu sahihi yake, na iwasikilize wenyeji kabla tingatinga halijafika. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeshughulika na hesabu za bei ya stima, na nimeona ahadi nyingi zikizaliwa mwaka wa uchaguzi na kuzikwa mwaka unaofuata.

Wenzako wanaosema EACC na IEBC watawachuja wabaya hawajasoma Kifungu cha 99 cha Katiba mpaka mwisho. Kweli, kinamzuia kuwania ubunge mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyepatikana kuwa ametumia vibaya ofisi ya umma. Lakini kinaendelea kusema kwamba mtu hazuiwi mpaka nafasi zote za kukata rufaa au kuomba hukumu iangaliwe upya ziishe. Rufaa zetu huenda miaka mingapi, unajua. Mwaka 2022 EACC iliipelekea IEBC orodha ya wawaniaji zaidi ya 200 iliowatilia shaka ya uadilifu, na walio wengi waliidhinishwa wakawania. Sheria ilifuatwa. Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme, na mimi ninaitetea kanuni hiyo kwa moyo wote, hata inapomlinda mtu nisiyempenda. Ila kanuni ya mahakama haikulazimishi wewe kumkabidhi mtu funguo za nyumba. Sheria inauliza kama mtu anaweza kuzuiwa. Nyinyi mnauliza kama anafaa. Swali la pili halina ofisi ya serikali inayolijibu, na hapo ndipo jopo lenu lina kazi.

Sasa stima. Chukua simu yako ufungue ujumbe wa mwisho wa tokeni. Chini ya zile tarakimu 20 unazobonyeza kwenye mita kuna uniti ulizopata, pesa ulizolipa, halafu pesa hizo zimegawanywa mara mbili: zilizonunua stima yenyewe, na gharama nyingine. Hicho kiasi cha pili ndicho kitabu chako cha uraia. Ndani yake kuna gharama ya mafuta yanayochomwa kwenye mitambo ya dizeli, kuna marekebisho ya bei ya dola, kuna mfumko wa bei, kuna ada ndogo ya mamlaka ya maji na nyingine ya EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti kawi, kuna asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini inayokokotolewa juu ya bei ya uniti, na kuna VAT ya asilimia 16. Ukimwonyesha mwaniaji ujumbe huo na asiweze kukueleza hata vitu vitatu kati ya hivyo, basi amekuja kuzungumzia nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Kila kimoja kina mwenyewe. Bei ya uniti huamuliwa na EPRA baada ya Kenya Power kuleta maombi na umma kutoa maoni, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Bei mpya za Aprili 2023 zilipitia huko, na ndizo zilizoshusha kiwango cha nafuu kwa wateja wadogo wa nyumbani kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Gharama ya mafuta na ya dola hubadilika kila mwezi kulingana na kilichotokea kweli. Mbunge hapigi kura juu ya hayo. VAT ni jambo jingine: ni sheria ya ushuru, na ushuru hupita Bungeni. Kwa hiyo jibu fupi la swali lako ni kwamba mbunge hawezi kushusha bei ya uniti, lakini anaweza kupigania ushuru uliopandishwa juu yake, na anaweza kuuliza maswali yanayoumiza kwenye kamati. Anayekuambia anaweza zaidi ya hayo amekosea, au anajua kwamba wewe hujui.

Nije kwa huyu wa kupasua mikataba, kwa sababu ndiye anayeshangiliwa zaidi, na kwa sababu ndani ya kelele zake kuna punje ya ukweli ambayo si haki kuitupa.

Fikiria umekodi pikapu ya kukuletea maziwa kutoka Githunguri kila alfajiri. Mwenye gari alikopa benki kulinunua kwa ajili yako, akakuambia: nitalitunza, litakuwa tayari kila siku saa kumi alfajiri, lakini utanilipa kwa mwezi hata siku ambayo huna mzigo, maana benki hainisubiri. Mafuta utalipa kando, kulingana na safari. Hivyo ndivyo mikataba mingi ya umeme ilivyo. Kenya Power hulipa malipo ya mtambo kuwa tayari, halafu hulipa umeme uliotumika. Ukisaini magari matatu na mzigo wako ni wa gari moja, utalia kila mwisho wa mwezi, na kosa si la mwenye gari.

Kenya imewahi kufanya makosa ya aina hiyo, na moja lilitokea hadharani. Mitambo 365 ya upepo ilisimamishwa Loiyangalani kule Marsabit, ya kutoa megawati 310. Mwekezaji alimaliza kazi yake. Serikali ndiyo iliyopaswa kujenga laini ya kuleta umeme huo hadi Suswa, na laini ikachelewa hadi Septemba 2018. Upepo ulikuwa unavuma, mitambo imesimama, na mkataba ulisema mwekezaji alipwe kwa umeme ambao angezalisha. Tulilipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Ndiyo maana mwaniaji akisema "mikataba ni mibaya" mimi hutaka aniambie ni upi, na kipengele gani. Ule haukuumizwa na mwekezaji mwizi. Uliumizwa na serikali iliyoahidi laini na isiijenge kwa wakati.

Je, mikataba inaweza kupasuliwa? Karatasi yoyote yaweza kupasuliwa. Kinachofuata ni kesi ya usuluhishi, mara nyingi nje ya nchi, na deni linarudi kwako kwa njia ya ushuru. Halafu mwekezaji atakayekuja kesho ataongeza riba juu ya bei yake, kwa sababu amejua anashughulika na mtu anayepasua karatasi. Mimi huwauliza wanaoshangilia: ungemkopesha unga jirani aliyepasua daftari la duka la mwenzako?

Na hapa kuna tukio ambalo nataka jopo lenu likariri. Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopokazi chini ya John Ngumi kuchunguza mikataba hii. Septemba mwaka huo lilipendekeza bei ishuke kwa theluthi moja, kutoka wastani wa shilingi 24 kwa uniti hadi 16. Januari 2022 bei ilishuka asilimia 15. Awamu ya pili, iliyotegemea mazungumzo na kampuni hizo, haikuja. Rais aliyekuwa madarakani, mwenye mawaziri, mawakili na wataalamu wote wa serikali, alipata nusu ya alichoahidi. Mwaniaji wenu, akiwa mmoja kati ya wabunge 349 wa Bunge la Kitaifa, anasema atapata nusu ya bei yote ndani ya siku 100. Mwambieni awaeleze atafanya nini siku ya kwanza ambacho Ikulu haikukifanya.

Punje ya ukweli niliyokutajia ni hii: mikataba hufika mwisho, na wakati huo ndio wa kuwa mkali. Mtambo wa kwanza wa dizeli wa Iberafrica hapa Nairobi mkataba wake uliisha 2019, na ule wa Tsavo Power kule Kipevu ukaisha 2021, ukiwa umedumu miaka 20. Hakuna aliyepasua chochote, na mzigo ulipungua. Kujadiliana upya kwa hiari pia kunaruhusiwa, na mwenye mtambo anaweza kukubali bei ndogo kwa miaka mingi zaidi. Ni kazi ya polepole na haina mkutano wa hadhara, lakini ipo. Kama mwaniaji huyu akijirekebisha na kusema, "nitataka tarehe za mwisho za mikataba yote ziwekwe wazi, na hakuna utakaorefushwa gizani," mimi mwenyewe ningemsikiliza upya.

Jambo la dola nalipitia haraka. Mikataba mingi hulipwa kwa sarafu za kigeni. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla mwaka kuisha ilikuwa imerudi karibu 129. Hata kama kampuni za umeme hazikuongeza senti, tokeni yako ilipanda na kushuka pamoja na dola. Kwa hiyo mbunge anayepiga kura kila mwaka kuongeza mikopo ya nje anaigusa bili yako ya stima, ingawa hakutaja neno stima.

Wa pili, wa makaa ya mawe na nyuklia. Simpuuzi, na sitampinga kwa hoja za kuazima kutoka ng'ambo. Nchi yenye viwanda inahitaji umeme mwingi na wa kutegemewa. Lakini lazima apimwe kwa hesabu ileile ya pikapu. Mtambo wa makaa wa Lamu ulipangwa kutoa megawati 1,050 wakati matumizi yetu ya juu kabisa, nchi nzima, yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Tungesaini mtambo mmoja wa zaidi ya nusu ya mahitaji yetu, na tungeulipia ukifanya kazi au ukilala. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni yake ya mazingira, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wengine walisikitika. Mimi niliona sheria ikifanya kazi yake: mvuvi wa Lamu ana haki ya kusikilizwa kuhusu bahari yake kama wewe ulivyo na haki kuhusu ploti yako Umoja. Huko Uyombo, Kilifi, walipoukataa mtambo wa nyuklia mwaka 2024, ilikuwa hoja ileile.

Tena, aelewe kwamba sasa hivi tatizo letu lina saa zake. Umeme mwingi zaidi wetu hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, kwenye mvuke wa ardhini. Kwa kawaida mvuke hauzimwi usiku kama jiko la gesi. Saa nane za usiku, viwanda vimelala na watu wamelala, mvuke mwingine huachiliwa hewani. Saa moja hadi saa tatu za jioni, kila mtu amewasha taa, pasi, televisheni na wewe friji yako, tunawasha dizeli ghali na kununua kutoka Ethiopia, ambako tuna mkataba wa megawati 200 tangu Novemba 2022. Mwaka 2025 kilele cha matumizi kilipita megawati 2,300, na kinapanda. Kwa hiyo nikubali wazi kwamba tunahitaji mitambo mipya. Nataka tu ile inayosaidia jioni, au viwanda vinavyofanya kazi usiku kwa bei nafuu, kabla ya jitu litakalotupa umeme saa ambazo tayari tunaumwaga.

Na maziwa yako, dada, mara nyingi hayaharibiwi na upungufu wa mitambo. Januari 11, 2022 nchi iliingia gizani kwa sababu minara ilianguka kwenye laini ya Kiambere hadi Embakasi. Agosti 25, 2023 giza lilifika hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hayo ni mambo ya laini, transfoma na usimamizi. Mwaniaji anayezungumza juu ya mitambo tu, bila kutaja laini, hajaelewa kwa nini wewe humwaga maziwa. Muulizeni pia kuhusu mkataba wa laini ambao KETRACO, kampuni ya serikali ya laini za umeme, ilitia sahihi na kampuni ya Adani Oktoba 2024, wa dola milioni 736 na wa miaka 30. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huohuo, na Novemba 21 Rais Ruto akatangaza mbele ya Bunge kwamba ameufuta. Swali si kama anaipenda kampuni hiyo au anaichukia. Swali ni: ungekuwa mbunge, ungetaka uuone ukurasa gani wa mkataba huo, na kabla ya nani hajatia sahihi?

Kuna kitu kimoja ambacho wawaniaji wote watatu watakikwepa, na msiwaruhusu. Katika kila uniti 100 ambazo Kenya Power hununua, zaidi ya 20 hupotea: nyingine njiani kwenye nyaya za zamani, nyingine kwa wizi. Unaujua wizi huo. Uko kwenye mitaa yetu, waya umetambaa juu ya mabati, na kuna kijana anayekuja kukusanya pesa mwisho wa mwezi ambaye si mfanyakazi wa kampuni yoyote. Mwaniaji anaogopa kuugusa kwa sababu waliounganishiwa ni wapiga kura na wanaokusanya ni makamanda wa kampeni. Lakini wewe unayelipa tokeni ndiye unayebeba sehemu ya mzigo huo, na watoto hunaswa na nyaya hizo. Mwaniaji atakayesema mbele ya kanisa lililojaa kwamba ataunga mkono mita halali kwa kila nyumba, kwa ada ndogo inayolipwa polepole, na kwamba hatawakinga wakusanyaji, huyo amejitolea kweli.

Yule wa tatu basi. Watu wanamcheka kwa kukataa kuahidi bei. Mimi nisingemcheka, lakini nisingempa tiketi kwa unyamavu wake pia. Unyenyekevu unaweza kuwa ukweli, na unaweza kuwa uvivu wa mtu ambaye hajasoma. Mbane. Kama hawezi kuahidi bei, ataahidi kura gani? Mfano, atapiga kura gani Mswada wa Fedha ukija na ushuru mpya wa kawi? Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha VAT ya mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta hayo ndiyo yanayobeba maziwa yako. Kama mmoja wa hao watatu alikuwa Bungeni wakati huo, kumbukumbu za Bunge ziko wazi kwa umma na kura zilizopigwa kwa majina zimeandikwa. Zichapisheni mje nazo, mumsomee kwa heshima, na mumwache aeleze. Na akisema ataondoa VAT kwenye stima, msipige makofi bado. Muulizeni atapunguza matumizi gani ya serikali ili pengo lisizibwe kwa mkopo. Mimi nataka ushuru huo upungue, ndiyo sababu namtaka mtu aliyelifikiria jibu.

Wasikilizeni zaidi kuhusu walichofanya kuliko watakachofanya. Aliwahi kusimamia pesa za watu, hata za chama cha akiba au za harambee ya shule? Hesabu ilisomwa? Ana kesi? Hukumu nyingi zimechapishwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, tafuteni jina lake kamili huko badala ya kutegemea uvumi wa WhatsApp, kwa sababu uvumi unaweza kumwonea mtu safi. Wahojini wote watatu siku moja, maswali yaleyale, muda uleule, na majibu yaandikwe kwenye kaunta buku, kila mmoja atie sahihi chini ya aliyoyasema. Mwaniaji wa kiti cha wadi akijipenyeza na ahadi za bei ya stima, mrudisheni kwa upole kwenye taa za barabarani na zile mulika mwizi zilizozimika. Hizo ni za kaunti.

Sasa hofu yako ya pili, ya tiketi kwenda kwa mwenye pesa. Sitakudanganya, hutokea. Chini ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa, iliyofanyiwa marekebisho 2022, chama kinaweza kufanya mchujo wa moja kwa moja ambapo wanachama hupiga kura, au kutumia wajumbe. Vyama pia huzungumza na wawaniaji wakubaliane, na mmoja hupewa tiketi bila kura. Wanaotetea njia hiyo wana hoja: Aprili 2017 mchujo wa Jubilee uliingia vurugu mpaka ukaahirishwa, na hakuna anayetaka damu kwa ajili ya karatasi. Hata hivyo mimi niko upande wa kura ya wanachama, na nitakuambia kwa nini. Mbunge aliyepewa tiketi na makao makuu akija kupiga kura ya Mswada wa Fedha atamtazama aliyempa. Aliyepewa na nyinyi ana sababu ya kuwatazama nyinyi.

Lakini ili uhesabiwe, lazima uwe kwenye sajili ya chama. Watu wengi Nairobi hulaumu matokeo ya mchujo ambao hawakuwa na haki ya kuupigia kura. Angalia jina lako kwenye eCitizen, sehemu ya Msajili wa Vyama, kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia wakajikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Ukijikuta hivyo, jiondoe mara moja. Na kama mmoja wenu anafikiria kumshauri mwaniaji mzuri asimame kama mgombea huru chama kikimnyima, kumbukeni Kifungu cha 85: lazima awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Hesabuni kurudi nyuma, wasije wakashtuka Julai.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Mkiona mchujo umeibwa, msingoje mambo yapoe: anzeni na kamati ya mizozo ya chama chenyewe, kisha jopo la kutatua mizozo ya vyama, na mtafuteni wakili ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu muda wa kesi hizi ni mfupi na hati ikichelewa imekufa. Mtu akiwatisha au akiwapa pesa ili mbadilishe ripoti, msibishane naye kwenye simu. Andikeni saa na maneno, nendeni polisi wawili wawili, mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Na mchungaji wenu ajue tangu mwanzo kwamba jopo linauliza maswali lakini halitoi baraka kutoka madhabahuni. Likianza kubariki, litaligawanya kanisa.

Tokeni yako nayo ikiendelea kwisha ndani ya siku nne, usidhani ni bei tu. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA akupimie mashine. Mpira wa mlango uliolegea au kompresa iliyochoka hukufanya ulipie baridi inayotoka nje, na nimeona duka ambalo nusu ya shida ilikuwa mlango usiofunga. Akuwekee pia kifaa cha kukinga, maana stima ikirudi kwa kishindo baada ya kupotea ndipo kompresa huungua. Fundi akisema mashine ni nzima na mita bado inakimbia, beba risiti za miezi mitatu uende ofisi ya Kenya Power iliyo karibu nawe, udai namba ya malalamiko, na wasipokujibu uwapelekee EPRA barua yenye namba hiyo.